Shajara ya mradi: kutafuta ukali kwenye filamu ya ISO 50, milango ya Mji Mkongwe

Lengo na kipimo

Kazi ni kupiga milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe, Unguja, kwa filamu ya milimita 35, na kutoa chapa ya sentimita 30 kwa 40 ambayo mtazamaji anaweza kuisogelea mpaka sentimita 25 na bado akaona patasi ilipopita. Filamu ni Ilford Pan F Plus ya ISO 50, yaani ya "polepole": inahitaji mwanga mwingi. Kamera ni ya kioo (SLR, yenye kioo ndani kinachopanda kila unapofyatua), ya mitambo mitupu, na lenzi ni moja tu, ya milimita 50.

Neno "kali" halina maana mpaka lipewe namba. Kwa umbali huo jicho zima hutenganisha kama jozi 5 za mistari, mweusi na mweupe, ndani ya milimita moja. Kutoka fremu ya milimita 24 mpaka chapa ya sentimita 30 ni ukuzaji wa mara 12.5. Kwa hiyo negativu inatakiwa kubeba jozi 60 na kitu kwa milimita. Tukaandika 60 ukutani.

Kipimo chenyewe ni rula ya chuma isiyong'aa, yenye alama za nusu milimita. Rula ikiwa mita 1.60 kutoka alama ya filamu iliyo juu ya kamera, lenzi ya milimita 50 huipunguza mara 30 kamili, na alama za nusu milimita huwa jozi 60 kwa milimita juu ya filamu. Alama za milimita nzima huwa 30. Hakuna haja ya chati ya kununua. Negativu inawekwa juu ya kioo chenye taa, inatazamwa kwa lenzi ya mkono ya mara 10, kisha kwa hadubini ya shule ya mara 40. Nusu milimita zikihesabika, fremu imefaulu. Zikiwa ukungu wa kijivu, imeshindwa.

Rola ya 1: mkononi

Rula ilibandikwa kwenye mlango ulio kivulini. Kwa ISO 50 kivuli cha wazi hutoa 1/125 kwa f/2.8, 1/60 kwa f/4, 1/30 kwa f/5.6 (namba ya kwanza ni sehemu ya sekunde ambayo shata inabaki wazi; f ni tundu la lenzi, namba ikikua tundu linapungua). Fremu 6 kwa kila mwendo.

Kwa 1/30 hakuna iliyofaulu, na mbili hazikuonyesha hata milimita nzima vizuri. Kwa 1/125 ilipita moja kati ya sita, nayo kwa bahati. Kanuni ya zamani ya mwendo wa kupigia mkononi, ile ya kugawa moja kwa urefu wa lenzi, ilitungwa kwa ukungu wa milimita 0.03 kwenye filamu. Mstari mmoja wa jozi 60 una upana wa milimita 0.008. Kamera ikizunguka kwa theluthi mbili ya hapo tu, mstari unaingia kwenye nafasi ya jirani yake. Kwa lenzi hii ni chini ya nusu dakika ya digrii, na mapigo ya moyo yanatosha kabisa kuyafanya hayo.

Ndiyo maana wengi hununua filamu ya polepole, wakapiga mkononi, wakaishia na picha laini kuliko za ISO 400. Filamu ya haraka ingewapa 1/500, chembe za fedha zinazounda picha zingeonekana, lakini makali yangebaki. Hii ya polepole inawapa ukungu msafi usio na chembe.

Rola ya 2: tripodi, halafu kioo

Nguzo ya kati ya tripodi haikupandishwa kabisa, miguu minene ilifunguliwa kabla ya myembamba, na begi lenye chupa mbili za maji lilitundikwa chini kwa kamba fupi, likigusa sakafu kidogo. Likining'inia bure linageuka pendulamu na kuongeza matatizo. Waya wa kufyatulia uliachwa ulegee. Ukivutwa unapeleka mtikisiko wa mkono moja kwa moja kwenye kamera.

Matokeo yalikuwa ya ajabu kwa asiyeyajua: 1/125 safi, sekunde 1 safi, sekunde 2 safi, lakini 1/15 na 1/8 zote zimeharibika, na ukungu wake unakwenda juu na chini, si pembeni. Ni kioo. Kinapopanda kinagonga juu, na kamera inatetemeka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa 1/125 shata inafunga kabla mtikisiko haujakua. Kwa sekunde 1 mtikisiko ni kipande kidogo cha muda wote, sehemu kubwa ya mwanga inaingia kamera ikiwa imetulia. Kwa 1/15 karibu mwanga wote unaingia wakati wa mtikisiko.

Kamera hii inapandisha kioo mwanzoni mwa taima. Si zote zinazofanya hivyo, na njia ya kujua ni masikio: kama mlio wa kioo unasikika mara tu unapobonyeza, na wa pili, mwembamba, baada ya sekunde 10, basi umepata. Kama yote inasikika mwishoni, taima inakuondolea kidole tu. Kwa kamera ya namna hiyo tumia kadi nyeusi. Weka shata kwenye B (inabaki wazi mpaka uiachie), ziba lenzi kwa kadi bila kuigusa, fyatua, hesabu tatu, ondoa kadi, hesabu muda wako, rudisha kadi, funga. Inafaa kuanzia sekunde 1 kwenda juu.

Vichochoro vya Mji Mkongwe vinakusukuma huko hata usipotaka. Kichochoro chembamba kina mwanga pungufu ya kivuli cha wazi kwa stopu mbili au tatu (kila stopu ni nusu ya mwanga), kwa hiyo f/8 inadai 1/4 mpaka 1/2, na filta ya njano inaongeza stopu moja. Ukishavuka nusu sekunde Pan F Plus huanza kulegea, na muda lazima uongezwe. Muda unaosomwa na mita ya mwanga unapandishwa kwa kipeo 1.33: sekunde 2 zinakuwa 2.5, sekunde 4 zinakuwa 6.3, sekunde 8 zinakuwa 16. Tumebandika karatasi yenye namba hizo nyuma ya kamera, maana hakuna atakayezikokotoa kichwani huku vespa inapita.

Na vespa ni suala la kweli. Ikipita karibu, mtetemo unapanda kwenye miguu ya tripodi. Subiri mpaka mlio wake upotee, si mpaka ipotee machoni.

Rola ya 3: fokasi

Rula safari hii ililazwa kwa pembe ya digrii 45, fokasi ikawekwa kwenye alama ya 15, lenzi wazi kabisa. Kwenye negativu alama iliyotoka kali zaidi ilikuwa nyuma ya 15, sawa na sentimita 2 zaidi kutoka kwenye kamera. Fremu nne, kosa lilelile. Kosa linalojirudia namna hiyo halitokani na jicho.

Tulifungua mgongo wa kamera, tukakata ukanda wa plastiki yenye ukungu upana wa milimita 35 na kuulaza juu ya reli za filamu, upande wa ukungu ukitazama lenzi. Angalia vizuri hapo: kamera ina jozi mbili za reli. Za ndani ndizo filamu inapokalia. Za nje zinashikilia bamba la kubana. Plastiki pana ikikalia za nje, kipimo chote ni uongo. Shata kwenye B, waya umefungwa, lenzi ya mkono juu ya plastiki. Kweli, plastiki ilisema kitu kimoja na skrini ya kulengea ikasema kingine.

Chanzo kilikuwa sponji. Sponji nyeusi zinazozunguka skrini kwenye kamera za miaka ya 1970 na 1980 huoza na kuwa kama lami, na joto la pwani linaharakisha. Chembe ya lami ilikuwa imeingia chini ya ukingo mmoja wa skrini na kuinyanyua. Sentimita 2 mbele ya lenzi, kwa upunguzaji wa mara 30, ni milimita 0.022 tu ndani ya kamera. Kwa f/8 kosa hilo lisingeonekana kirahisi. Kwa f/2.8 lilikuwa linakula ule upana wote wa mstari. Ilisafishwa kwa kijiti cha meno na pamba yenye spiriti, bila kugusa uso wa skrini, ambao ni plastiki laini na unachunika kwa kuuangalia tu. Rola iliyofuata ilitua kwenye 15.

Jambo moja zaidi la fokasi, ambalo linawaponza hata wenye uzoefu. Alama za kina zilizochongwa kwenye lenzi, zinazoonyesha ukali unaanzia umbali gani na kuishia wapi, nazo zinafuata ule ukungu wa milimita 0.03. Kwa mlango ulio mita 2, f/8, lenzi inakuahidi ukali kutoka mita 1.69 mpaka 2.46. Kwa shabaha yetu, ukungu ukiwa 0.01, ukweli ni mita 1.88 mpaka 2.13. Basi ukipiga f/8, soma alama za f/2.8. Sentimita 25 zinatosha mlango uliotazamwa uso kwa uso: misumari ya shaba inatokeza mbele, ubao uko nyuma, mfaa wa katikati uko kati yao. Hazitoshi mlango uliopigwa kwa mshazari pamoja na baraza yake. Milango ya mshazari tumeiondoa kwenye orodha.

Rola ya 4: tundu la lenzi

Fupi. f/2.8 ilipita katikati ikashindwa pembeni. f/5.6 na f/8 zilipita kote, na hakuna aliyeweza kuzitofautisha. f/11 ilipita kwa shida. f/16 ilifanya nusu milimita kuwa kijivu.

Hii ya mwisho haitokani na ubovu wa lenzi. Mwanga unaopenya tundu dogo hutawanyika, na hakuna kioo kinachouzuia. Kwa f/16 lenzi kamilifu kabisa hubakiza nusu ya kontrasti (tofauti ya weusi na weupe) kwenye jozi 46 hivi kwa milimita. Kwa f/8 ni 91. Anayefunga mpaka f/16 "kwa usalama" na filamu hii ametupa kile alichokilipia.

Rola ya 5 na ya 6: kusafisha filamu

Hapa ndipo muda mwingi umekwenda.

Devolopa, dawa inayoitokeza picha, ni Rodinal, 1+50, yaani sehemu 1 ya dawa kwa 50 za maji. Kuna wanaoshangaa, kwa sababu Rodinal, iliyopewa hataza mwaka 1891, inajulikana kwa kutokeza chembe. Ni kweli, kwa ISO 400. Devolopa za chembe laini, kama D-76, zina gramu 100 za sodiamu salfaiti kwa lita, na chumvi hiyo huyeyusha kingo za chembe za fedha. Chembe zinalainika, na makali yanalainika nazo. Rodinal iliyozimuliwa ina salfaiti kidogo sana, inaziacha kingo zilivyo. Pan F chembe zake ni ndogo mno kwa ukuzaji wa mara 12, kwa hiyo unalipa gharama usiyoiona na kupokea ukali unaouona. Ukiwa na D-76 au ID-11 tu, izimue 1+3, salfaiti inashuka mpaka gramu 25 kwa lita na tofauti inapungua sana.

Kiasi: mililita 6 za Rodinal, mililita 300 za maji, kwa rola moja kwenye tangi dogo. Pima kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha, si kwa kifuniko. Kosa la mililita 1 hapo ni sehemu ya sita ya nguvu yote.

Rola ya 5 ilipigwa kwa ISO 50, dakika 11, digrii 20, kama karatasi zinavyosema. Nusu milimita zilionekana kwenye rula lakini milango ilitoka vibaya: ukuta wa chokaa mweupe juu ya kizingiti ulikuwa mweusi tii kwenye negativu, na kila msumari wa shaba ulikuwa na taji la ukungu kuuzunguka. Filamu hii ina kontrasti ya asili, na kichochoro cha saa 5 asubuhi kina mbao za msaji zilizo gizani karibu na ukuta unaopigwa na jua. Mwanga ukizidi kwenye emulsheni, tabaka la filamu linalobeba picha, unatapakaa pembeni, kwa hiyo negativu nene ni negativu laini. Ukali na mfichuo, yaani kiasi cha mwanga kinachoifikia filamu, havitengani. Wanaopiga kwa wingi "ili vivuli vijae" wanapoteza ukali sehemu zenye mwanga.

Tiba ilikuwa mbili. Kwanza, saa. Milango sasa inapigwa kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, anga wazi ikiwa juu ya kichochoro na jua halijaingia, na inachaguliwa iliyo na mwanga unaoingia ubavuni ili michongo ipate kivuli chake. Mwanga wa mbele unaufanya mlango uonekane umechorwa, hata jozi zikiwa 60. Pili, filamu inapimwa kama ISO 25 na kusafishwa pungufu kwa asilimia 20: jua likiwa halipo, mwanga wa ziada ni wa mbao za gizani, na devolopa pungufu inaizuia chokaa isinenepe.

Sasa joto. Maji ya bomba yalikuwa digrii 29. Kwa joto hilo muda ungeshuka chini ya dakika 5, na zile sekunde 15 za kumimina zinakuwa sehemu kubwa ya kazi, ndipo mistari myeusi inapotokea kwenye matundu ya kingo. Kushuka mpaka 20 kunawezekana, lakini chumba kikiwa digrii 30 tangi linazidi kupanda joto unapoligeuza mikononi. Tulichagua 24. Muda unazidishwa kwa 0.7 hivi: dakika 11 zinakuwa 7 na sekunde 45, na ukitoa asilimia 20 ni dakika 6 na robo.

Beseni la lita 10 kutoka digrii 29 mpaka 24 linahitaji barafu karibu nusu kilo. Hiyo ni chupa moja ya nusu lita iliyogandishwa, kifuniko kimefungwa. Tumbukiza, koroga, usiondoke. Chupa ya pili ikae tayari, kwani chumba kinarudisha joto. Devolopa, maji ya kusimamisha, fiksa (dawa inayoifanya picha isiharibiwe tena na mwanga) na chupa tatu za maji ya kusuuza vyote viingie beseni hilo hilo. Watu hupoza devolopa kisha wakasuuza kwa maji ya bomba. Emulsheni inavimba na kusinyaa, chembe zinajikusanya mafungu, na lawama inaiendea filamu. Tofauti kati ya hatua na hatua isizidi digrii 5, na sisi tunaibana ndani ya 2.

Kugeuza tangi: sekunde 30 za mwanzo mfululizo, kisha mara 4 ndani ya sekunde 10, kila dakika. Ile njia ya kuliacha tangi limetulia saa nzima kwa 1+100 ilijaribiwa na kuachwa. Kingo zinapata makali zaidi, ni kweli, lakini kwenye chumba cha digrii 30 devolopa iliyoanza na 20 inamaliza ikiwa 27, na hakuna rola mbili zinazofanana.

Fiksa: kata kipande cha ncha ya filamu, kitumbukize, hesabu sekunde mpaka kiwe wazi, zidisha kwa mbili. Kisha suuza kwa kugeuza mara 5, badilisha maji, mara 10, badilisha, mara 20.

Rola ya 6, iliyofanyiwa yote haya, ina mbao, shaba na chokaa ndani ya negativu moja, bila taji.

Maji na kukausha

Maji ya Unguja yanatoka kwenye mwamba wa matumbawe, yana chokaa. Tone likikaukia kwenye filamu linaacha duara jeupe ambalo halitoki, na kwa ukuzaji wa mara 12 duara hilo ni kubwa kuliko waridi la mlango. Devolopa na maji ya mwisho ni ya mvuke, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari. Soma chupa vizuri. Asidi ya betri inakaa rafu hiyo hiyo. Matone machache ya dawa ya kuteleza maji, kisha filamu inatundikwa bila kufutwa kwa vidole. Chumba cha kukaushia ni bafu lililomwagiwa maji ya moto dakika 10 kabla ili vumbi litulie, feni imezimwa.

Filamu isiyopigwa inakaa kwenye friji na inatolewa saa mbili kabla, ndani ya kopo lake. Ukifungua kopo la baridi kwenye hewa ya pwani linatoka jasho. Iliyokwisha kupigwa haisubiri: Pan F Plus hupoteza picha iliyojificha, na kiwanda chenyewe kinataka isafishwe ndani ya miezi 3. Namba za kingo huwa hafifu hata kwenye rola mpya, kwa hiyo usizitumie kuhukumu devolopa.

Kutoa picha nje ya negativu

Skana ya mezani ilionyesha milimita nzima, nusu hakuna. Jozi 60 zinataka nukta zisizopungua 3,048 za kweli kwa inchi, na namba inayoandikwa kwenye boksi la skana siyo ile inayofika kwenye faili. Tukahamia kamera ya dijitali ya megapikseli 24 na lenzi ya makro: nukta 6,000 juu ya milimita 36 ni 4,233 kwa inchi, inatosha. Ila kwa ukubwa wa 1:1, picha ikiwa sawa na kitu chenyewe, f/8 inafanya kazi kama f/16, na tumeshaona f/16 inafanya nini. f/5.6, basi. Usawa wa negativu na kamera unapimwa kwa kioo kidogo kilicholazwa mahali pa negativu: lenzi ikijiona katikati kabisa, viko sambamba.

Kwenye mashine ya kukuzia tatizo lilikuwa negativu kupinda. Inalengwa ikiwa baridi, taa inaipasha, sekunde 20 baadaye katikati imebinuka na fokasi imehama. Iache taa iwake nusu dakika, kipande cha kadi nyekundu kikiwa kimeziba chini ya lenzi, ndipo ulenge kwa kifaa cha kutazamia chembe na uchape hapo hapo. Ukiziona chembe zenyewe pembe zote nne, chapa imekwisha kuwa nzuri kadiri negativu inavyoruhusu.

Yaliyobaki

Milango 9 imepigwa, 7 imefaulu kwenye chapa. Mmoja ulishindwa kwa sababu ubao wake haukufungwa komeo na ulikuwa unacheza na upepo wa kusi: miimo imetoka kali, mbao ni ukungu. Wa pili ni kosa la fokasi, mita 1.60 ilipimwa kutoka lenzi badala ya alama ya filamu. Yote miwili inarudiwa kwenye rola ya 7, na ule wa kwanza utawekewa kabari ya karatasi upande wa ndani, mwenyewe ameshakubali.